Je, Wajua? Chuma Kisichojua Jua

Adhuhuri ya Voi, kaa kimya chini ya paa la mabati usikilize. Tak! Punde tena, tak! Si paka wala jini. Ni bati linalotanuka kwa joto, na usiku litalia tena likisinyaa. Karibu kila chuma kinalijua jua. Leo tunakuletea kimoja ambacho hakilijui sana, pamoja na mafundi wanaokikereza ili darubini na vipimo vyetu visiseme uongo.

RELINI

1. Je, wajua kwamba chuma cha pua cha kawaida hurefuka kwa sehemu 12 hivi katika kila milioni ya urefu wake, joto likipanda nyuzi moja tu ya Selsiasi? Unaweza kupuuza kiasi hicho mpaka ufike relini. Tofauti ya joto la reli kati ya alfajiri na alasiri ikiwa nyuzi 30, kilomita moja ya reli hutaka kurefuka kwa sentimita 36.

2. Chukua hesabu hiyo uitie kwenye njia ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, yenye kilomita 472 hivi na inayopita Voi. Kama reli ingeachwa ijinyooshe itakavyo, ingetafuta mita 170 za ziada. Huo ni zaidi ya uwanja mmoja na nusu wa kandanda, na mjenzi ni jua peke yake.

3. Ule mdundo wa magurudumu kwenye reli ya zamani haukuwa kasoro. Mafundi waliacha mwanya mdogo kati ya pande mbili za reli ili chuma kipate pa kupumulia. Kila gurudumu lilipovuka mwanya, lilipiga ngoma.

4. Reli za kisasa huchomelewa zikawa kitu kimoja, bila mwanya. Mtanuko unakwenda wapi basi? Hauendi popote. Reli hutaka kurefuka, mataruma na kokoto huikatalia, na nguvu hiyo hubaki imefungiwa ndani ya chuma. Kazi ikifanywa vibaya, siku ya jua kali reli hupinda kama nyoka.

5. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Mwaka uleule, kule Ufaransa, mtu mmoja alipata chuma ambacho kingerefuka kwa sehemu ya kumi tu ya reli ile.

ALIYEKIPATA

6. Mtu huyo aliitwa Charles Édouard Guillaume, Mswisi wa Fleurier aliyezaliwa mwaka 1861 katika ukoo wa watengeneza saa. Alifanya kazi katika Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani, Sèvres, karibu na Paris. Mita rasmi ya dunia ilikuwa ufito wa platini na iridi, madini ya bei ya kutisha, naye akawa anatafuta kitu cha bei nafuu cha kutengenezea nakala.

7. Alichanganya chuma na nikeli kwa viwango mbalimbali, akapima, akaandika, akapima tena. Nikeli ilipofika asilimia 36, mtanuko ulishuka ghafla hadi sehemu 1.2 hivi kwa milioni. Aloi hiyo ikaitwa Invar, jina lililofupishwa kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya kisichobadilika.

8. Je, wajua kwamba kazi hiyo ilimpa Guillaume Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1920? Tuzo ya mwaka uliofuata ilikuwa ya Albert Einstein. Mpima vyuma alimtangulia mpima mbingu.

9. Siri ya Invar ni usumaku wake. Joto likipanda, atomi hutikisika na kusukumana, kama ilivyo kwa chuma chochote. Lakini ndani ya Invar, usumaku nao huwa umezitanua atomi, na joto linapoudhoofisha, mtanuko huo hupungua. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta, urefu unabaki palepale.

10. Mapatano hayo yana mpaka. Ikipita nyuzi 200 hivi, Invar huanza kulijua jua kama chuma kingine.

11. Usidhani Invar haina kutu. Karibu theluthi mbili yake ni chuma cha kawaida, na hewa ya chumvi ya pwani ikiikuta bila mafuta, itaitafuna.

MADINI YA KWETU

12. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, karibu na mpaka wa Burundi. Ni miongoni mwa hazina kubwa za nikeli duniani ambazo bado zinasubiri kuchimbwa kikamilifu.

13. Invar ina ndugu yake anayetulia zaidi, aitwaye Super Invar, mwenye nikeli asilimia 32 na kobalti 5 hivi. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo ya Kidemokrasia, kwenye migodi ya Kolwezi na jirani zake.

14. Na chuma chenyewe? Kishushe, katika kaunti ya Taita Taveta, kuna mawe yenye chuma ambayo yamekuwa yakichimbwa. Na ufuaji chuma si mgeni huku: wanaakiolojia wamekuta kuzunguka mlima Kasigau masalio ya kazi ya chuma ya karne zilizopita.

KWENYE KEREZO

15. Kabla ya karakana za jua kali kuita mashine hiyo lethi, Kiswahili kilikuwa na jina lake: kerezo. Kukereza ni kuzungusha kitu huku ukikichonga kwa ncha kali, na miguu ya vitanda vya pwani ilikerezwa hivyo. Fundi wa Invar anafanya jambo hilohilo, ila mti umekuwa chuma na kosa linahesabiwa kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wako una maikroni 70 hivi.

16. Invar si ngumu kama unavyodhani, na ulaini wake ndio uchungu wa fundi. Hunata. Ni kama kukata halua kwa kisu butu: badala ya kukatika, inavutika, inajibandika kwenye ncha, na uso unabaki umechanika. Ncha inatakiwa iwe kali, kwa kawaida ya kabaidi.

17. Ukisitasita, umekwisha. Ncha inayosugua bila kukata huifanya ngozi ya Invar iwe ngumu, na duru inayofuata unakutana na chuma kingine kabisa. Ukiingia, kata. Ukikata, endelea.

18. Joto la kukata nalo halitoki kirahisi. Invar hupitisha joto kwa kiasi cha moja ya tano hivi ya chuma cha pua cha kawaida, kwa hiyo moto hujikusanya kwenye ncha ya kukatia. Dawa ni kupunguza kasi ya mashine na kumwagia maji ya kupozea bila uchoyo. Methali ya haraka haina baraka ingeweza kuandikwa mlangoni mwa karakana.

19. Mabaki yake hayavunjiki vipandevipande. Hutoka kama nyuzi ndefu zinazojiviringa kwenye kifaa, zikakwaruza uso uliokwisha kulainishwa. Fundi mzoefu hutumia ncha yenye mfereji wa kuzivunja nyuzi hizo, wala hazitoi kwa mkono mashine ikiwa inazunguka.

20. Kipande chembamba cha Invar kikibanwa kwa nguvu kwenye meno ya mashine na kukerezwa, huonekana duara kamili. Kilegeze uone: kinajikunjua na kuwa yai.

21. Kwa kazi ya usahihi wa juu, kipande hakikatwi kikaisha siku moja. Hukatwa kwa ukubwa kwanza, kikaachiwa nyama kidogo. Kisha utaratibu mmoja unaojulikana ni huu: kipashwe hadi nyuzi 830 hivi na kuzimwa majini, kipashwe tena nyuzi 315 kwa saa moja, halafu kikae kwenye nyuzi 95 kwa saa 48. Ndipo mkato wa mwisho unafuata. Bila mapumziko hayo, msongo wa kukatwa hubaki ndani na kipande huendelea kujikunja polepole kikiwa kabatini.

22. Hata ikitulizwa hivyo, Invar hurefuka polepole mno kadiri miaka inavyokwenda, na kaboni iliyomo ndiyo inayochangia. Guillaume mwenyewe alizifuatilia fito zake kwa miaka mingi.

23. Je, wajua kwamba urefu wa kitu chochote cha kiwandani, duniani kote, huhesabiwa kana kwamba kiko kwenye nyuzi 20 za Selsiasi? Kiwango hicho kilikubaliwa mwaka 1931. Sasa niambie, ni siku ngapi mchana wa Voi umewahi kuwa na nyuzi 20?

24. Fundi anayepima chuma cha pua kwa mikrometa ya chuma cha pua hana hofu kubwa, mradi vyote viwili vimekaa pamoja hadi joto lao likalingana. Kipande kimerefuka, kipimo nacho kimerefuka. Wanakosea pamoja, hivyo wanapatana. Liweke hili akilini, tutalirudia.

MLIMANI NA MPAKANI

25. Umemwona mpima ardhi barabarani amesimamisha mwavuli, yeye mwenyewe akiwa juani? Hajakosa akili. Kivuli ni cha chombo. Jua likipiga upande mmoja wa theodolaiti au wa miguu yake mitatu, upande huo hutanuka na chombo kizima huinama kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini ramani inaona.

26. Pembe ya sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja ya duara. Ukikosea kwa sekunde moja, kwa umbali wa kilomita moja umepotea milimita 5 hivi. Kwa kilomita 30 umepotea sentimita 14 na nusu. Kuna mashamba yaliyogombaniwa kwa chini ya hapo.

27. Adui mwingine wa mpimaji katika nyanda za Tsavo ni mazigazi, ile hewa inayocheza juu ya ardhi ya moto na kuonyesha maji yasiyokuwapo. Mwanga hupinda humo, na bikoni ya mbali huonekana ikitetemeka kama mwali wa taa.

28. Panda kutoka Voi hadi Vuria, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Taita, mita 2,208, na hewa hupoa kwa nyuzi 10 hivi. Utepe wa chuma cha pua wa mita 50 uliopandishwa nao utakuwa umefupika kwa milimita 6. Ule wa Invar, kwa milimita 0.6.

29. Ndiyo maana wapima ardhi walikuwa wa kwanza kuipokea Invar kwa mikono miwili. Nyaya zake za mita 24, zilizovutwa kwa mawe ya mizani juu ya kapi, zilitumika sehemu nyingi za dunia kupimia mistari ya msingi ambayo ramani nzima hujengwa juu yake. Zilibebwa kama mayai, kwa kuwa waya ukipindwa umeharibika.

30. Afrika ilipimwa kwa tao moja refu linalofuata longitudo ya 30 Mashariki, kutoka kusini kabisa kuelekea Misri. Sehemu ya magharibi mwa Uganda ilipimwa mwaka 1908 na 1909, na pengo la mwisho, kusini mwa Sudan, likazibwa mwaka 1954. Mfumo wa ramani uitwao Arc 1960, uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania, ulipata jina lake hapo. Mipaka ya mashamba mengi yetu ina babu yake katika tao hilo.

31. Mpaka wa Taveta wenyewe ulianza kwa wino kabla ya kipimo. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliuchora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini. Waliotumwa baadaye kuutafuta ardhini ndio waliotoka jasho.

32. Ukiwa Taveta asubuhi isiyo na mawingu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko mbele yako. Urefu wake tunaoujua wa mita 5,895 ni wa upimaji wa mwaka 1952. Mwaka 2008, kwa msaada wa setilaiti, ilipatikana mita 5,892 hivi. Kipimo ndicho kilichobadilika, si mlima.

33. Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini. Watafiti wake wameirukia milima ya Taita kwa ndege iliyobeba skana ya leza na kamera inayogawa mwanga katika rangi nyingi kuliko jicho linavyoweza, wakihesabu misitu na mashamba. Kwa vyombo vya namna hiyo, lenzi ikisogea chini ya upana wa unywele, mti unaweza kusomeka kama mti mwingine.

34. Hata tsavoraiti, kito cha kijani cha Taita Taveta, ni kazi ya mwanga. Campbell Bridges alikipata Tanzania mwaka 1967, kisha upande wa Kenya miaka michache baadaye, na kampuni ya Tiffany ikakitangaza mwaka 1974 kwa jina lililotokana na Tsavo. Wapima vito hukitambua kwa jinsi kinavyopinda mwanga, kwa kipimo cha 1.74 hivi. Mkata vito akikosea pembe, mwanga hutorokea chini na kito kinakuwa dirisha.

NYUMBANI NA ANGANI

35. Pasi yako ya umeme hujizima yenyewe kwa sababu ya ukaidi wa aina hii. Ndani yake kuna utepe wa vyuma viwili vilivyogundishwa, na mara nyingi kimoja ni cha jamii ya Invar. Kimoja hurefuka, kingine hukataa, utepe unapinda na kukata umeme.

36. Saa ya ukutani yenye timazi ya chuma cha pua huchelewa kwa nusu sekunde hivi kwa siku, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Timazi ya Invar huchelewa kwa sehemu ya kumi tu ya hapo. Saa za wanafalaki zilibadilishiwa timazi upesi baada ya ugunduzi wa Guillaume.

37. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, baadhi zilikuwa na bamba la Invar lenye matundu madogo mno nyuma ya kioo. Bamba la chuma cha kawaida lingetanuka kwa joto na rangi za picha zingehama.

38. Baadhi ya meli zinazobeba gesi asilia iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, zina matangi yaliyotandikwa shuka za Invar zenye unene wa milimita 0.7 tu.

39. Kioo cha darubini hakipendi kubanwa. Kuna vioo maalumu ambavyo karibu havitanuki kabisa, ilhali aluminiamu hutanuka kwa sehemu 23 hivi kwa milioni. Ukikishika kioo hicho kwa aluminiamu, usiku ukipoa aluminiamu husinyaa na kukiminya, na nyota inakuwa na mkia. Vishikizo vya Invar hupatana nacho.

40. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina fremu ya mabomba ya nyuzi za kaboni inayoshika vyombo vyake vya kisayansi, na vipande vya Invar vimegundishwa kwenye viungo vyake. Vilikerezwa kwenye joto la karakana, lakini hufanya kazi kwenye nyuzi 230 hivi chini ya sifuri.

41. Na Hubble je? Ilirushwa Aprili 1990 ikaleta picha zenye ukungu. Kioo chake kilikuwa kimenolewa kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa umbo lisilo lake: ukingo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa maikroni 2 hivi. Kosa lilitoka kwenye chombo kilichotumika kukipimia. Humo kulikuwa na fimbo ya Invar ya kuweka umbali, na fimbo ilikuwa sawasawa. Ila mwanga wa kupimia uligonga kifuniko mahali rangi ilipobanduka, badala ya ncha ya fimbo, na lenzi ikawekwa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Wanaanga waliirekebisha Desemba 1993. Hapo ndipo ulimwengu ulipojifunza kwa gharama kubwa kwamba kipimo nacho hupimwa.

SWALI LA KUONDOKEA

Fundi yuko Voi, karakana ina nyuzi 30. Mikrometa yake ni ya chuma cha pua, iliyosawazishwa kwenye nyuzi 20. Anakereza kipande cha Invar hadi mikrometa isome milimita 100 kamili, anakifunga na kukituma kwenye maabara yenye nyuzi 20. Kitafika kikiwa na urefu gani?

Jibu: milimita 100.011 hivi. Rudi namba 24. Safari hii kipande na kipimo hawakukosea pamoja. Mikrometa ilikuwa imerefuka kwa joto kwa maikroni 12, kwa hiyo milimita 100 iliyosoma ilikuwa kubwa kuliko milimita 100 ya kweli. Invar haikuwa na habari, na ilipofika kwenye baridi ilisinyaa kwa maikroni moja tu. Kama nafasi yake ilikatwa kwa milimita 100 kamili, hakitaingia, na fundi ataapa alipima mara tatu. Alipima kweli. Ila jua la Voi lilipima pamoja naye.